Haki na Msamaha katika Riwaya ya Mapenzi: Mandhari ya Bukoba na Muleba

Riwaya ya Kikristo ya mapenzi na taharuki ina mambo matatu yanayokwenda pamoja: watu wawili wanaopendana, hatari inayowaandama, na imani inayotiwa majaribuni. Ukiondoa hatari, kinachobaki ni hadithi ya uchumba. Ukiondoa imani, kinachobaki ni hadithi ya upelelezi kama nyingine. Mara nyingi kiini cha yote ni kosa la zamani ambalo halijapata hukumu, kama vile mauaji, urithi ulioporwa au ushahidi wa uongo uliomfunga asiye na hatia. Kosa hilo linaibuka tena wakati wapenzi wanakaribia kufunga ndoa, na msomaji anabaki na maswali mawili. La kwanza ni nani aliyetenda. La pili ni gumu zaidi: aliyetendewa atafanya nini akishamjua mtenda?

Kama biashara ya vitabu, aina hii imekomaa Marekani. Janette Oke, mwandishi wa Kanada, alichapisha Love Comes Softly mwaka 1979, na wachapishaji wa Kikristo wakatambua kwamba hadithi za mapenzi zina wasomaji wengi makanisani. Taharuki ilikuja kushika nafasi yake baadaye. Mwaka 2000 Dee Henderson alitoa The Negotiator, ambamo askari wa kike wa Chicago, kazi yake kuzungumza na watekaji nyara, anakutana na mpelelezi mwenye imani kuliko yeye. Kufikia 2005 kampuni ya Harlequin ilikuwa imeanzisha mfululizo mzima wa Love Inspired Suspense. Kanuni zake zinajulikana: hakuna mambo ya chumbani, hakuna matusi, mhalifu lazima apatikane, na mhusika mkuu lazima awe amesogea hatua katika imani kabla ya ukurasa wa mwisho.

Udhaifu wa vitabu vingi vya namna hii uko hapo mwishoni. Polisi wanamkamata mhalifu, shujaa anapiga magoti, uchungu wa miaka 20 unatoweka katika aya moja, na harusi inafuata. Haki imeachiwa pingu na msamaha umeachiwa sala, na viwili hivyo havikukutana mahali popote. Anayetaka kuona jinsi vinavyokutana atajifunza mengi Bukoba na Muleba, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambako ardhi, ukoo, kanisa na mahakama vimekuwa vikivutana kwa zaidi ya miaka 100.

Kiswahili kina mizizi yake ya hadithi za taharuki, na mizizi hiyo haikutoka kanisani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtambulisha mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Msukumo wa hadithi hizi ni kumnasa mkosaji, na kwa Musiba mara nyingi ni kumlipizia. Kitabu chake kingine kinaitwa Kikosi cha Kisasi, na jina hilo halifichi kitu. Mapenzi yamo, lakini hakuna anayeulizwa kama anaweza kusamehe.

Swali hilo lilikuja kuulizwa na mwandishi wa upande wa pili wa Ziwa Victoria. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa ni binti wa familia ya Kikatoliki. Baba yake Zakaria, mlevi, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, na kipigo hicho kinamfuata shuleni, chuoni na katika kila uhusiano wake na wanaume mpaka anapokatisha maisha yake mwenyewe. Kezilahabi hakuishia kaburini. Aliwapeleka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja akiwa na mashitaka dhidi ya mwenzake. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha kikaja kuwa cha kiada. Si riwaya ya uinjilisti hata kidogo, na waumini wengi kiliwakera. Hata hivyo, hakuna riwaya ya Kiswahili ya kizazi kile iliyobana suala la nani anawajibika na nani anastahili huruma kuliko hii. Maisha aliyoyaandika Kezilahabi, ya misheni, pombe, shule ya bweni na jina la mtakatifu alilopewa mtoto, mtu wa Muleba anayatambua bila kuelekezwa.

Kanisa lina mizizi mirefu upande huu. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa misheni ya Betheli walifika mwaka 1910. Katika wilaya ya Muleba kuna seminari na hospitali ya Rubya kwa upande wa Wakatoliki, na hospitali ya Ndolage kwa upande wa Walutheri. Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuwa kardinali mwaka 1960, alizaliwa Bukongo, upande wa Kamachumu. Masalia yake sasa yamo katika kanisa kuu la Bukoba, lililowekwa chini ya Bikira Maria Mama wa Huruma. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba tangu 1964, aliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Mwandishi anayetafuta wahusika wanaosali kwa dhati hana haja ya kuwabuni hapa.

Ila chini ya kanisa kuna kibanja. Kibanja ni nyumba pamoja na shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, mara nyingi lenye makaburi ya ukoo ndani yake. Mpaka kati ya kibanja na kibanja huonyeshwa kwa mstari wa milamula, mimea yenye majani membamba isiyokufa upesi. Kung'oa mlamula mmoja usiku na kuupanda hatua tatu mbele ni kosa linaloweza kuvunja undugu kwa vizazi. Mtunzi wa taharuki hahitaji bastola akiwa na mstari wa milamula uliosogezwa, mzee mmoja anayekumbuka ulipokuwa, na mtu anayetaka mzee huyo asifike kwenye kikao cha Jumamosi.

Mfano mkubwa wa haki iliyopatikana kwa jasho umetoka Muleba na uko kwenye vitabu vya sheria. Mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mila za Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo katika uhai wake lakini hana mamlaka ya kuliuza. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 ilisema hivyo hivyo, na mahakama ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaigeuza hukumu. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako Jaji James Mwalusanya alitoa uamuzi Februari 1990. Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani Machi 1988, haikubali mwanamke apewe haki pungufu kwa sababu ya jinsia yake. Kama ukoo unataka kulikomboa shamba lililouzwa nje bila ridhaa yake, umrudishie mnunuzi fedha yake, na sharti hilo liwe moja kwa wanaume na wanawake. Shauri hilo, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory na mwenzake, linafundishwa katika vyuo vya sheria hadi leo.

Hukumu ilimaliza suala la nani ana haki. Haikuwa kazi yake kusema shangazi na mpwa watakutanaje tena msibani, kwenye ubatizo, au kisimani. Riwaya ya haki na msamaha inaanzia pale jaji anapofunga jalada, na kwa hiyo ni lazima mwandishi ajue watu wa mahali hapo wanaelewa nini wanaposema wamesamehe.

Katika jambo hilo Bukoba ina historia ya pekee. Katika miaka ya 1930 uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Uganda na kuvuka mpaka kuingia Bukoba. Waliouingia waliitwa walokole, na wimbo wao wa Tukutendereza ukajulikana kila kona ya Afrika Mashariki. Askofu Kibira mwenyewe alilelewa kiroho katika uamsho huo. Jambo lililowashangaza majirani lilikuwa toba ya hadharani. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja alichokifanya: aliiba kazini, alisema uongo, alikuwa na mwanamke mwingine, alimchukia jirani yake kwa siri. Waliita hivyo kutembea nuruni. Wakuu wa kanisa na wa vijiji hawakupenda sana, kwa kuwa aibu zilizofichwa na koo nzima zilitajwa mbele ya watoto, na pia kwa kuwa walokole hawakusita kumwambia mchungaji wao kwamba naye bado hajaokoka.

Toba hiyo haikuishia kwenye maneno. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyedhulumu deni alilibeba akaenda nalo mlangoni kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe hakujua kwamba amedhulumiwa. Mfano waliousimulia zaidi ulikuwa wa Zakayo katika Injili ya Luka, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya. Kwa hiyo katika masikio ya mtu wa Bukoba aliyekulia karibu na uamsho, kusema umetubu huku shamba la watu bado liko mikononi mwako ni maneno matupu. Msamaha hupimwa kwa kinachorudishwa. Hapo ndipo riwaya zinazomaliza kila kitu kwa machozi na wimbo zinapompoteza msomaji wa huku: anasubiri kuona jembe likirudi.

Kwa Wakatoliki njia ni nyingine ila mantiki haiko mbali. Anayeungama hupewa malipizi, na aliyeiba hutakiwa arudishe. Tofauti iko kwenye siri. Padre haruhusiwi kufichua alichosikia katika kitubio, hata mbele ya hakimu, na akivunja siri hiyo hutengwa na Kanisa. Mwandishi wa taharuki atauona utajiri uliomo: mtu mmoja kijijini anamjua muuaji, anakutana naye kila Jumapili, anampa komunyo mjane wa aliyeuawa, na hawezi kusema. Anachoweza ni kumsihi mkosaji ajitokeze mwenyewe. Kurasa 200 zinaweza kujaa kusihi huko tu.

Mila nazo zilikuwa na namna yake ya kufunga ahadi. Zamani Wahaya wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichukua tunda la kahawa lenye mbegu mbili. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, mbegu moja ikachovywa katika damu yake, na mwenzake akaimeza. Aliyemsaliti ndugu wa namna hiyo alijua kwamba laana haitaishia kwake bali itafika kwa watoto wake. Makanisa yaliupinga udugu huu, na umepungua sana, ila kahawa kavu ya kutafuna bado humkaribisha mgeni sebuleni. Mtunzi asitumie mila hii kama pambo la kigeni. Itumike panapohitajika kuonyesha kwa nini mzee wa miaka 80 hawezi kutoa ushahidi dhidi ya rafiki yake.

Chukua kisa cha kubuni. Muuguzi kijana wa Kamachumu amechumbiwa na mwalimu wa Bukoba mjini. Baba yake amekufa, wosia haukuonekana, na kikao cha ukoo kilimpa kibanja baba mdogo. Muhtasari wa kikao ulipelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi akateuliwa kwa ushahidi wa mzee mmoja aliyeapa kwamba wosia haukuwahi kuandikwa. Mzee huyo ni baba wa mwalimu. Baadaye akaokoka, na sasa ni mtu anayeheshimiwa katika ushirika wake. Binti anapoanza kuuliza, milamula inang'olewa, ghala la kahawa linaungua, na barua isiyo na jina inawekwa chini ya mlango.

Hapa mapenzi hayasimami pembeni ya kesi. Yako ndani yake, kwa sababu anayetakiwa kusimama mahakamani na kukiri kiapo cha uongo ni mtu ambaye binti ameshaanza kumwita Tata, yaani baba. Mzee akinyamaza, toba yake ni kivuli. Akisema, anajiingiza hatiani, maana kiapo cha uongo ni jinai na adhabu yake ni kifungo. Kijana naye, je, amshauri baba yake akae kimya ili nyumba isiaibike? Msamaha wa binti hauwezi kutangulia ukweli wa mzee, na haki ya binti haiwezi kupatikana bila kumwumiza anayempenda. Mvutano wa namna hii unamfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata kuliko risasi yoyote.

Mwandishi lazima pia ajue sheria inaruhusu nini. Katika jinai mshitaki ni Jamhuri. Mjane anaweza kumsamehe muuaji wa mumewe kwa moyo wote, na kesi ikaendelea bila kumwuliza. Sheria ya mwenendo wa jinai inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa madogo, kama shambulio la kawaida, lakini mauaji hayamo. Adhabu ya kunyongwa bado iko kwenye Kanuni ya Adhabu ingawa haijatekelezwa tangu miaka ya 1990, na msamaha unaoweza kumtoa mfungwa gerezani ni wa Rais kwa Ibara ya 45 ya Katiba. Kwa hiyo tukio la mjane kufuta kesi ya mauaji kwa sababu ameokoka, linaloonekana mara kwa mara kwenye filamu zetu, ni kosa la mtunzi. Tukio la kweli lina uchungu zaidi: mjane anatoa ushahidi wake mpaka mwisho, mtu anahukumiwa, kisha mjane huyo huyo anakwenda gerezani siku ya kutembelea wafungwa.

Katika ndoa mambo hugeuka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka anayedai talaka apitie kwanza Baraza la Usuluhishi, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Serikali yenyewe imeweka mlango wa suluhu mbele ya mlango wa haki. Utaratibu huo ni mzuri kwa nyumba zilizogombana, na ni wa hatari kwa mke anayepigwa, ambaye huenda akarudishwa kwa mpigaji kwa jina la msamaha. Mwandishi wa Kikristo asiyeliona hilo anaandika kitabu kinachoweza kumdhuru msomaji wake.

Kuna jeraha moja la mapenzi ambalo Kagera ililijua mapema kuliko mikoa mingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, wakati watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Utafiti wa 1987 ulikuta maambukizi kwa asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini. Vibanja vilibaki na bibi na wajukuu. Katika nyumba nyingi swali la nani alileta lilikuwa kesi isiyo na hakimu: mume na mke waliuguzana huku kila mmoja akijua, au akishuku, na wengine walizikwa bila kuambiana. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na mwaka 2008 sheria ikamtia hatiani anayemwambukiza mwenzake kwa makusudi. Waliosameheana kabla ya hapo hawakuwa na dawa wala sheria, na hakuna mahali pengine Tanzania ambapo msamaha kati ya wapenzi umegharimu kiasi hicho.

Ajabu ni kwamba aliyelichukua suala hilo waziwazi alitumia kamera. Josiah Kibira, si yule askofu bali mtengenezaji filamu mwenye jina hilo hilo, mzaliwa wa Bukoba anayeishi Minnesota, alitoa Bongoland mwaka 2003 na Tusamehe mwaka 2005. Ya pili inaihusu familia ya wahamiaji wa Kitanzania huko Marekani ambayo maisha yake mapya yanavurugwa na UKIMWI na siri ya siku zilizopita. Imeigizwa kwa Kiswahili na haina polisi wa kuwakimbiza watu, ila taharuki yake ni kamili: siri iko ndani ya nyumba, na mtazamaji anajua itatoka.

Kwa upande wa vitabu, vyombo vipo. Central Tanganyika Press ya Dodoma na Soma Biblia wameuza vitabu vya Kikristo vya Kiswahili kwa miaka mingi, ingawa rafu zao zimejaa zaidi mafundisho, tenzi na ushuhuda kuliko riwaya. Ushuhuda wenyewe uko hatua moja tu kutoka kwenye riwaya: una mkosaji, siri, hofu ya kugunduliwa na siku ya kusema. Unachokosa mara nyingi ni sauti ya aliyekosewa. Katika mikutano ya walokole anayesimama ni mtenda, naye husema alivyosamehewa na Mungu. Yule aliyeibiwa jembe, au mke aliyesalitiwa, hukaa kwenye benchi na kusikiliza. Riwaya inaweza kumpa huyo nafasi ya kusema kwanza, tena kwa urefu, kabla mtu yeyote hajamwomba asamehe.

Lugha nayo ipangwe kwa uangalifu. Mahakamani watu wa Muleba husema Kiswahili, kanisani huchanganya, na nyumbani jambo zito husemwa kwa Kihaya. Mzee anayekiri atakiri kwa Kihaya kwanza, mbele ya mke wake, kisha kwa Kiswahili mbele ya karani wa mahakama atakayeyaandika maneno yake kwenye fomu. Mwandishi anayejua mzee huyo anapoteza nini kati ya maungamo ya kwanza na ya pili ameshapata sura mbili za kitabu chake.